Mtoto Hakuwamo Katika Kiolezo

Mke wangu alishuka kwenye kiti, akaketi chini, akavua kitambaa cha kichwa. Simu ilikuwa bado mkononi, na ndani ya simu sauti ya mashine ilikuwa ikirudia kwa Kifaransa kwamba sauti unayoitafuta haipo. Akaibana tena sikioni. Haipo. Ndipo akapiga ule ukelele ambao mtaani kwetu hakuna asiyejua maana yake, na majirani wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mama muuza mawese. Alikuja mbio, kitenge hakijafungwa vizuri.

"Dada, ni nani amekufa?"

"Mutoto."

"Mutoto gani? Watoto wako wote nimewaona asubuhi hii."

"Ule wa kwanza."

Jirani akanitazama mimi. Yule wa kwanza alikufa wakati wa vita, na jirani huyu ndiye aliyesaidia kumwosha.

"Dada," akasema polepole, "ule tulishamulilia."

"Amekufa tena."

Wanawake waliendelea kuingia, huyu na kuni, huyu na mchele kidogo kwenye sahani, kama desturi ya kilio inavyotaka. Walipofika walisimama tu uani, hawajui waketi au waondoke. Kijana mmoja kwenye mlango akanong'ona, "Sasa tutabeba nini makaburini, telefone?" Mwenzake akacheka, mama mmoja akawafukuza wote wawili. Imamu wa mtaa alikuja pia. Ni mzee mpole, hakumgombeza mtu. Alisema tu, "Bwana, maiti hazikwi mara mbili. Leo tuzike nini?" Nilimwonyesha ile simu.

Nirudi nyuma, ili asiyetujua aelewe. Majina siandiki. Vyeo vinatosha, wenyewe watajijua.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Mengine yote nilijifunza relini. Kazi yangu ilikuwa kufunga na kufungua viungo vya mabehewa ya treni ya mizigo, ile inayotoka kusini na kuishia hapa Kindu penye bandari. Vita vilipokuja, treni yetu ilikuwa huko kusini. Njia ikakatwa katikati. Nilibaki upande wa pili, nikachoma makaa ili niishi, na mke wangu akabaki Kindu na mtoto wetu wa kwanza, msichana. Nilipomwacha alikuwa na meno mawili ya chini. Hakuwa anajua kusema hata neno.

Alijifunza kusema mimi sipo. Siku moja, wakati ule mji ulikuwa bado na chakula, mke wangu aliazima redio kasete kwa mfanyabiashara wa dukani, akanunua kasete, akamketisha mtoto mbele yake ili anitumie salamu. Watu wengi walifanya hivyo. Barua inataka shule, kasete inataka mdomo tu. Mchuuzi mmoja wa baiskeli alikubali kuibeba kusini. Alikutana na bunduki njiani, akarudi na mizigo yake, na kasete ikarudi naye.

Baadaye mji ukazingirwa. Ndani walikuwa askari waliotutawala, nje msituni wapiganaji wengine, katikati sisi. Shamba letu la mpunga lilikuwa ng'ambo ya mto Lualaba. Komanda wa kivuko alikataza watu kuvuka. Mitumbwi ya kubeba mpunga wake yeye ilivuka. Mke wangu alikwenda kumpigia magoti, mtoto akiwa mgongoni, miguu yake imeshaanza kuvimba.

"Mama, si mimi," komanda alimwambia. "Ni amri ya juu."

"Basi uniruhusu nivuke mara moja tu."

"Nimekwambia si mimi. Unasikia Kiswahili?"

Mtoto alivimba miguu, kisha uso, nywele zikawa nyekundu. Zahanati ilikuwa na vitanda bila dawa. Alikufa huku mpunga wetu tukiuona ng'ambo ukianguka wenyewe shambani. Ninasema tukiuona, mimi sikuwepo. Nimesimuliwa mara nyingi mpaka ninauona. Komanda huyo hajafa. Leo ana gari lenye vioo vyeusi, na watu wanampisha barabarani.

Amani ilipokuja nilirudi. Mke wangu hakulia aliponiona. Alinipa maji ya kuoga, akatoka, akarudi na ile redio ya kuazima. Akasema, "Kwanza sikiliza."

Nilisikia jogoo. Kisha sauti ndogo: "Papa, ni mimi. Mama anasema nikusalimie. Uniletee viatu vyenye kulia kwi, kwi. Ule mutoto wa jirani usimuletee, alinipiga." Mama yake anamwambia aseme vizuri. Anacheka. Kisha anauliza, "Papa iko ndani ya hii?" na unasikia anagonga redio kwa kidole, ko, ko, kama mtu mlangoni.

Nilicheka. Nilicheka kweli, nikasema, "Mwite basi, yuko wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyopata habari. Maneno yote ambayo mtoto wangu aliniambia duniani ni yale. Ya ana kwa ana sikupata hata moja.

Kasete tuliitunza kwenye mkebe wa maziwa. Lakini Kindu ni unyevu. Ukungu uliingia, sauti ikaanza kuzama na kupanda. Tulipunguza kuisikiliza, tukiogopa itakatika. Watoto wengine walizaliwa, wakakua, nao wakaijua sauti ya dada yao kwa kugawiwa kidogo kidogo, kama dawa.

Halafu ukaja mradi. Walipanga nyumba ya zamani ya mfanyabiashara karibu na bandari, wakaita familia: leteni sauti za wakati wa vita, tutazihifadhi. Fundi wao wa kwanza alikuwa binti wa Bukavu, mtu wa subira. Alisafisha utepe kwa pamba, akausokota kwa kalamu, akaupitisha kwenye mashine yake. Alisema sauti zitakaa kwenye wingu, akanieleza wingu ni nini, maana nilidhani ni la juu kweli. "Hapana, papa," akacheka. "Ni mashine kubwa kubwa katika nchi za wengine. Tunapanga nafasi humo, kama vile tumepanga nyumba hii." Kila familia ilipokuja alifungua nafasi yake kwa mkono, moja baada ya nyingine, akatupa namba. Unapiga kwa simu yoyote, hata hii ya vitufe ya mke wangu, unabonyeza namba ya familia yako, sauti inakuja.

Sauti ilikuja safi kuliko kwenye kasete. Ijumaa baada ya sala ya mchana mke wangu alikuwa akiketi kwenye kiti chake uani, anapiga. "Papa, ni mimi." Nilikuwa nikisikia kutoka ndani, nikifanya kama sisikii.

Kasete zenyewe mkuu wa mradi aliomba zibaki kwao. Ni bwana wa suti, anasema vizuri. Alimwambia mke wangu, "Mama, ukungu huu utaharibu hata mkebe. Sasa mutoto yuko mahali hakuna unyevu, hakuna panya, hakuna askari." Mke wangu alimpa kwa mikono miwili.

Yule binti mkataba wake uliisha, akaenda. Akaja fundi mwingine kutoka Goma. Na baada ya hapo ikaja ile Ijumaa ya kilio.

Kesho yake nilikwenda biro, ofisi ya mradi. Nilidhani nitakuta wanatengeneza kitu, kwamba ni mtandao umekatika kama kawaida yetu. Nilimkuta fundi peke yake mezani, macho mekundu. Sikumgombeza. Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu aliyeishia darasa la tatu.

Alinigeuzia mashine. Ilikuwa na maandishi tu, mistari mifupi mifupi.

"Hii njo kiolezo, papa. Nafasi za wingu hatujengi tena kwa mukono. Tunaandika hapa: nataka gala moja la kuweka sauti, nataka mashine moja, nataka namba moja ya simu. Halafu natuma ombi. Kule mbali wanasoma, wanajenga vile imeandikwa. Kwa dakika chache."

"Ombi kwa nani?"

"Kwa mashini."

"Uliiomba nini?"

"Wakubwa wa mradi kule Kinshasa walitaka nafasi za miji yote zifanane. Walinitumia kiolezo cha muji mwingine, nikabadilisha jina la muji tu. Halafu mu ombi iko neno moja la kuchagua. Unaweza kusema, ongeza vitu vyangu, vingine uviache. Ama unaweza kusema, kila kitu kiwe sawasawa na kiolezo."

"Ukasema kiwe sawasawa."

"Njo vile waliandika. Nilituma vile ilikuja."

"Na vile ambavyo havikuandikwa?"

"Inavitoa."

"Inavitoa inaviweka wapi?"

"Haiviweki, papa."

Nilikaa nikiangalia ile mistari. Relini tulikuwa tukipewa karatasi ya mabehewa. Behewa lisiloandikwa tunalifungua, linabaki stesheni, mvua inalinyeshea, hata miaka, lakini lipo. Sikujua kama kuna mahali ambapo usipoandikwa unaondolewa duniani.

"Mutoto wangu hakuwamo katika kiolezo," nikasema.

"Hakuwamo. Ule dada wa Bukavu alijenga kwa mukono, hakuandika. Nafasi zote za Kindu hazikuwamo."

"Mashine haikukuuliza? Hata mwizi anaangalia nyuma."

"Ingeuliza. Lakini mu ombi iko pia neno la kusema isiulize. Wanatia ili kazi iende mbio." Akajifuta uso kwa kiganja. "Papa, hata mimi sijalala."

Nilimwamini. Lakini sijui nifanye nini na kutolala kwake.

Mkuu wa mradi alifika kwa pikipiki ya kukodi. Alinishika bega. Alisema maneno mengi: pole, mambo ya ufundi, tunasikitika pamoja.

"Nakala?" nikauliza. Binti wa Bukavu alikuwa amenieleza kuwa huwekwa nakala pembeni.

"Nakala zilizimwa na Kinshasa, papa. Zilikuwa ghali."

"Basi unirudishie kasete yangu."

Alimtazama fundi. Fundi aliangalia sakafu.

"Zilikuwa na ukungu," mkuu akasema. "Zilichomwa."

"Lini?"

"Kabla ya haya yote. Tulikuwa tunasafisha gala."

Nilitoka, nikaenda nyuma ya nyumba. Kuna shimo la taka: maganda ya ndizi, chupa, na donge la plastiki nyeusi iliyoyeyuka ikashikana. Nililigusa kwa mguu. Niliporudi mbele, mkuu alikuwa bado amesimama palepale.

"Papa, hakuna mwenye kosa hapa," akaniambia. "Ni mfumo."

Mke wangu aliambiwa vilevile kwenye kivuko: si mimi, ni amri. Yule alikuwa na bunduki, huyu ana kalamu mfukoni, na mtoto wetu ni yuleyule.

Wiki hizi wamerudi tena, wanazungukia familia. Wanasema mradi unaanza upya, tuje tusimulie. Mkuu alikuja mpaka kwetu. Mke wangu alimpa kiti, maana ni mgeni.

"Mama," akamwambia, "yale maneno ya mutoto unayajua yote kwa moyo. Unaweza kuyasema wewe mwenyewe. Tutarekodi vizuri, kwa mashini mupya."

Mke wangu akauliza:

"Unataka nimuige mutoto wangu?"

"Si kumuiga, mama, ni kumbukumbu..."

"Nifanye sauti ndogo? Nigonge na kidole?"

Mkuu aliangalia saa, akasema ana mkutano. Kiti alichokalia mkuu, mke wangu hakukigusa siku nzima.

Basi naandika, kwa mkono wangu mbaya huu, ili isomwe na wenye shule. Mkuu wa mradi, wewe uliyepokea kasete kutoka mikono miwili ya mke wangu: ni nani alikupa ruhusa kuichoma bila kuita mwenyewe? Hukuhitaji hata kupiga simu, nyumba unaijua. Wakubwa wa Kinshasa: ni yupi kati yenu alisema nakala zizimwe, na alipokuwa akisema, alijua ni nini kilichokuwa humo, au hakuuliza? Ni yupi aliandika lile neno la kuondoa kisichoandikwa, akatia na lile la kuzuia mashine isiulize, akampelekea kijana wa Goma atume? Fundi, wewe umeniambia ukweli, lakini mke wangu hujamwambia. Yeye ndiye aliyepiga simu, akaambiwa haipo.

Fidia sijaomba, na msiniletee. Sitaki mashine mpya. Nataka mje nyumbani mchana, majirani wakiwapo, wale waliokuja na kuni wakarudi nazo, na mwenye kutoa amri aseme kwa mdomo wake mwenyewe: ni mimi. Tangu vita hakuna aliyetuambia neno hilo. Nani ataanza?