Mfupa Aliousafisha Derbail

Derbail mke wa Fearchar alikuwa na vidole vifupi, vinene, na hakuna mtu bondeni kwetu aliyeweza kumkamua ng'ombe mkaidi kama yeye. Naanza na vidole kwa sababu siku hizi watu wakimtaja humtaja kwa jambo jingine, na jambo hilo linanichefua. Nilikuwa jirani yake miaka thelathini. Kati ya ukuta wangu na wake palikuwa na lundo la samadi tu, na nilisikia kila neno.

Kwetu, siku ya Mtakatifu Martin, mwezi Novemba, kabla theluji haijafunga njia, kila nyumba huchinja kondoo, na Mzee Gillecrist hupita kuusoma mfupa bapa wa bega. Humo huona mwaka mzima: vita, njaa, wizi wa ng'ombe, kifo. Mfupa huchemshwa mpaka nyama ijivue yenyewe, na masalio huondolewa kwa vidole. Chuma kisiuguse, wala jino. Kazi hiyo ni ya mama wa nyumba.

Mwaka ule mvua ilikuwa imelowesha mabonge ya udongo tunayochoma badala ya kuni, na moto ukawa moshi mtupu. Nyama ikakataa kuiva. Nyumba imejaa wageni, Gillecrist ameshakaa, na mama mkwe anauliza kwa sauti kama humu ndani huwa wanapika au wanatishia tu. Mshipa mmoja ulikuwa umeng'ang'ania mfupa, na kisu kilikuwa mkononi mwa Derbail. Akakipitisha mara moja, kikaacha alama. Haraka haina baraka, tunaambiana, kana kwamba mwenye wageni kumi ana hiari.

Gillecrist akauinua mfupa kwenye mwanga wa mlango. Akautazama, akaugeuza, akautazama tena.

"Naona kaburi," akasema. "Tena liko upande wa mwenye nyumba."

"Langu hilo?" Fearchar akacheka. Alikuwa na kicheko cha kuamsha mbwa. "Lini, mzee, nijue kama nipande shayiri au nisipande?"

"Usipande. Mwana-kondoo wa kwanza wa zizi lako hutamwona."

Kicheko kikakatika. Derbail alikuwa amesimama na sufuria, anajua alama ile imetoka wapi, na hakusema. Mbele ya wageni, mbele ya mama mkwe? Mimi pia nisingesema. Alidhani wageni wakiondoka atamwambia mumewe, watacheka wawili, yaishe.

Wageni wakaondoka, akamwambia. Nilimsikia.

"Fearchar, ni kisu. Nilikwangua mshipa. Ile alama ni yangu mimi."

"Njoo ukae hapa, mke wangu."

"Nakwambia ni kisu!"

"Nimesikia. Unanipenda, ndiyo maana unadanganya. Mke mwingine angeshaanza kupima sanda yangu." Kisha, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake: "Asante."

Kuanzia siku ile mtu mzima yule, aliyembeba dume la kondoo begani kama mzigo wa majani, akaanza kuisha. Aliacha kuezeka upande wa paa uliokuwa unavuja. Shoka lake zuri akamgawia ndugu yake. Uji wa shayiri akawa anaukoroga tu, mpaka unaganda. Theluji ilipofika magotini alikuwa kitandani, hana homa, hana jeraha, ana woga tu. Tena si woga wa kupiga kelele. Alikuwa mpole, na upole ule ulimtia Derbail wazimu.

Derbail akapiga moyo konde, akaenda kwa Gillecrist. Nilimsindikiza.

"Mzee wangu, nimekosa. Chuma kiliugusa mfupa. Mwambie mume wangu haukusomeka."

Gillecrist hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Binti yangu," akasema, "mkono wako umekwisha safisha mifupa mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Na kisu kikaponyoka mwaka huu tu. Nani alikisukuma? Aliyetaka kaburi lionekane alihitaji mkono wa kulichora, akautumia wako."

"Basi nichinje mwingine, nisafishe vizuri, usome upya."

"Mwaka mmoja, mfupa mmoja. Wewe si mgeni hapa."

Njiani nilimwita mzee yule majina ambayo padri hangeyapenda. Derbail alikuwa anahesabu majuma mpaka kondoo wazae.

Mwezi Machi alivuka mlima peke yake mpaka pwani, ambako kondoo huzaa mapema kuliko kwetu. Alibadilisha shali yake ya harusi kwa mwana-kondoo wa siku mbili, akarudi naye ndani ya gauni, juu ya kifua kitupu, akimnyonyesha kitambaa cha maziwa. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Vidole viwili vya mguu viliungua kwa baridi, havikupona tena.

"Fearchar! Amka uone! Wa kwanza wa zizi lako, na wewe unapumua!"

Nilikuwa mlangoni, nilimwona mtu akirudi usoni mwake. Aliketi. Alimshika mnyama yule, akamnusa, akacheka, si kicheko cha zamani bali mtoto wa kicheko kile. Akaomba uji. Akala bakuli zima, akaomba tena, na Derbail akageukia ukuta ili asionekane analia.

Wakati anasubiri bakuli la pili, Fearchar alikuwa anampapasa mwana-kondoo kichwani, kama mchungaji yeyote. Kidole kikafika kwenye sikio. Watu wa pwani hukata alama yao masikioni mwa mwana-kondoo angali na kitovu kibichi. Sisi hungoja kiangazi.

"Derbail," akasema. "Hili sikio limekatwa."

Hakumgombeza. Alimrudishia mnyama kwa mikono miwili, akalala, akaugeukia ukuta. Siku ya tatu alikufa. Siku ya nne baada ya kumzika, kondoo wake mwenyewe akazaa.

"Sikio la kufa halisikii dawa," mama mkwe akasema msibani, na watu wakaitikia. Bonde zima lilisifu ule mfupa. Na siku ya Mtakatifu Martin ikarudi, wakaanza kuja mlangoni kwa Derbail na mifupa yao. Tusafishie, mama, mkono wako huleta ukweli. Akawasafishia, nyumba kwa nyumba, miaka ishirini na miwili. Gillecrist alisoma humo makaburi saba, na hakuna hata moja lililochorwa na kisu. Mifupa ina matundu yake yenyewe. Wote saba walilala wakangoja, na wote walikufa.

Nilimuuliza mwaka wa mwisho, akiwa hawezi tena kusimama, na mfupa wa nyumba yangu uko mapajani mwake. "Dada, kwa nini huwakatalii?"

"Nikikataa atasafisha mwingine," akasema, "naye atakuwa na wageni mlangoni."

Akaendelea kuchambua kwa kucha, taratibu, huku Gillecrist amekaa kando ya moto, anasubiri.