Kishikio cha Kushoto

Binti yangu hunicheka. Anasema baba za wenzake huangalia mpira kwenye simu, mimi naangalia watu wakifungua kamera ambazo sitanunua kamwe. Ni kweli. Kila jioni nakaa kibarazani na miwani yangu nikiwasikiliza wachambuzi wa kamera wa mtandaoni, na nimeshawatenga kama mchele na pumba. Yuko mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ambaye huanza na ubovu: hapa patalegea, hapa pataingia vumbi, hii usinunue. Huyo nampenda. Wako wengine wanaofungua boksi kwa muziki, na kila kamera kwao inaishinda ya juzi. Hao nawazima kabla hawajamaliza kucheka. Binti yangu anadhani ni ukali wa uzee tu. Hajui kwamba nilikuwa na wachambuzi wawili kabla ya mtandao, na kwamba wakati ule nilimpenda asiyestahili.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mpiga picha wa kuzunguka. Mikanda ya picha nilinunua Shinyanga mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye baba yake alikuja huko kufuata biashara ya pamba. Ndiye pia aliyepokea mikanda tuliyokwisha kupiga na kuituma Mwanza kusafishwa. Ukimwekea kamera juu ya meza yake ya kioo, hakuuliza bei uliyonunulia wala ulikoipata. Aliifungua mgongo, akapuliza, akaiweka sikioni na kuibofya, kisha akatoa hukumu mbele ya wateja wote waliokuwapo. "Hii imechoka." Au, "Aliyekuuzia hii hakupendi." Siku moja aliishika kamera yangu ya kwanza, akazitazama na picha nilizopigia, akasema, "Kamera nzima, mpigaji bado." Watu walicheka. Nilikuwa kijana mwenye kiburi, na tangu siku hiyo nilimchukia.

Wa pili alikuwa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako nilihamia kwa sababu wachimbaji walipenda picha kuliko watu wa mjini. Alinunua vitu vya wachimbaji waliofilisika, redio, saa, kamera, akaviuza tena pale kwenye kibanda cha chai. Mtu yule alikuwa na mdomo. Akianza kuieleza kamera, watu waliacha chai ikapoa. "Mwanangu," aliniambia siku aliponionyesha moja nzito, nyeusi, yenye mkanda wa ngozi, "hii ukimpiga mtu mwenye huzuni, kwenye picha anatoka amefurahi." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, methali hiyo niliijua tangu shule. Nilinunua.

Safari iliyofuata ya Shinyanga nikaipeleka dukani, si kuomba ushauri, bali kumringia yule mzee. Aliifungua. Akaingiza kipande cha mkanda mbovu, akavuta mara tatu.

"Kijana, tazama huku kulia. Huu mti unaoshika mkanda umelika meno. Siku utashika, siku utaachia." Akagusa kishikio kidogo cha juu kushoto, kile cha kurudishia mkanda ukiisha. "Kila ukivuta, tazama hapa. Kikizunguka, mkanda unakwenda. Kisipozunguka, unapiga hewa. Wateja utawapiga tena. Lakini usimpigie nayo mtu wako."

"Unataka ninunue ya kwako, mzee," nilimwambia.

"Leo sina ya kuuza," alijibu, akanirudishia.

Kule Rwamgasa, yule mwenye mdomo alicheka mpaka akashika mbavu. Lini umesikia, aliniuliza, mwenye duka akasifu kitu cha mwenzake? Nami nikacheka naye. Na kweli, mkanda wa kwanza ulitoka, wa pili ukatoka, wa tano ukatoka. Kila bahasha iliporudi kutoka Mwanza niliifungua palepale juu ya kioo cha mzee ili azione picha. Alitazama, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi zake. Kishikio cha kushoto sikukitazama hata mara moja. Niliona kukitazama ni kumpigia magoti.

Mama yangu aliishi kijijini, si mbali na Kharumwa, pamoja na dada yangu mkubwa. Hakuwahi kukubali nimpige picha. Baba alipofariki, picha pekee iliyopatikana ilikuwa ya kadi yake ya ushirika, amekunja uso kama mtu anayedaiwa. Ndiyo iliyokuzwa, ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza. Mama aliitazama siku nzima, na baada ya hapo akasema picha ni kitu cha msibani, yeye asisogezewe.

Ndipo siku moja dereva wa lori akaniletea salamu zake Rwamgasa. "Mama yako anasema uje na mashine yako." Nilifurahi sana. Sikujiuliza kwa nini amebadilika. Kujiuliza nimekufanya baadaye, miaka yote hii.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, amevaa kitenge kipya, miguu ameipaka mafuta mpaka inang'aa. Alikuwa amekonda. Nilisema, "Mayu, umepungua," akasema ni jua. Tukala michembe ya viazi vitamu kwa karanga, kisha akaniambia nianze, na yeye ndiye aliyepanga kila kitu. Akitaka na jembe, akitaka bila jembe. Akisuka maziwa kwenye kibuyu. Akiwa na dada. Akiwa kaburini kwa baba, amesimama upande wa kichwa. Akavaa viatu, akakaa. Akavua viatu, akasimama. Kuna mahali mbuzi alitafuna pindo la kitenge chake, akacheka, nami nikaiwahi. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu baba aondoke.

Mkanda ule ulikuwa wa picha thelathini na sita. Nilifika thelathini na sita, nikavuta, ikakubali. Thelathini na saba, ikakubali. Thelathini na nane. Wapiga picha wote hufurahia za nyongeza, nami nikamwambia, "Leo una bahati, mayu, mkanda hautaki kuisha."

"Zitatoka lini, baba?" aliniuliza. Aliniita baba siku zote, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake.

"Wiki mbili."

"Usikawie. Nataka nichague moja mwenyewe."

Mkanda niliufikisha Shinyanga pamoja na mingine, nikarudi Rwamgasa kazini. Wiki mbili zilipopita nikaenda kuchukua bahasha zangu. Mzee alinipa zote isipokuwa moja. Hiyo aliifungua mwenyewe, akauvuta mkanda taratibu na kuuinua kwenye mwanga wa mlango. Ulikuwa wa rangi ya chungwa tupu, mwanzo hadi mwisho. Pembeni zilionekana namba ambazo kiwanda huzichapa, moja hadi thelathini na sita. Juu ya namba hapakuwa na mtu.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mama yangu."

Nilingoja aniambie alinionya. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Aliingia ndani akatoka na kamera yake mwenyewe, ile aliyopigia wajukuu zake sikukuu za Idi, akatia mkanda mpya, akavuta mbele ya macho yangu na kidole chake kikiwa kwenye kishikio cha kushoto. Kilizunguka.

"Yuko wapi mama yako?"

"Karibu na Kharumwa."

"Nenda leo. Utanirudishia ukimaliza."

Nilipanda gari siku ileile. Njia ya kwenda Rwamgasa ilipita Kharumwa, na gari lilisimama pale kushusha watu. Kamera ilikuwa mapajani mwangu, mkanda ndani, tayari. Lakini hasira ilikuwa imenikaba. Nilitaka kwanza nimpate yule mwenye mdomo, nimtupie kamera yake kifuani mbele ya watu waliokuwa wakimsikiliza. Nilijiambia mama hakimbii, nitampitia nikirudi. Sikushuka.

Rwamgasa sikumkuta. Alikuwa amehamia kwenye shimo jipya lililotema dhahabu, na mimi nikamfuata huko, siku ya pili kwa miguu. Nilimpata ya tatu. Hakukimbia, hakukana. Alinikaribisha chai, akasikitika kama ndugu, kisha akatoa nyingine chini ya meza. "Mwanangu, ile sahau. Hii sasa ndiyo mashine." Wachimbaji walikuwa wamemzunguka, wanasikiliza. Sikumtupia kitu. Niliona tu jinsi anavyoieleza vizuri, na kwamba angeieleza hivyohivyo hata ingekuwa sanduku la mbao.

Yule dereva wa lori alinikuta njiani nikirudi. Aliteremka, na dereva hateremki kwa habari njema. Mama alikuwa amefariki jana yake. Dada aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiumwa tangu mavuno, na alikataza nisiambiwe kabla sijaleta picha, kwa kuwa ningeanza kulia na nisingepiga vizuri.

Msibani wazee wa ukoo waliniuliza, kwa upole kabisa, "Wewe ndiye mpiga picha. Picha ya mama iko wapi?" Mbele ya jeneza alitangulia mjukuu akiwa na msalaba tu. Kisha wakasema basi angalau nipige maziko. Nikapiga, kwa kamera ya mzee wa duka, nikitazama kishikio cha kushoto kila nilipovuta. Zote zilitoka. Ninazo mpaka leo, jeneza linaonekana hadi misumari.

Nilipomrudishia kamera yake, mzee alisoma usoni mwangu, akafunga duka, akanikalisha nyuma kwenye magunia. Nilimpenda kuanzia hapo, na alikuwa na miaka michache tu iliyobaki.

Jana binti yangu aliniuliza bibi yake alifananaje. Ana umri wa kuuliza sasa, na ameambiwa ana miguu ya bibi huyo. Niliutoa ule mkanda wa chungwa kwenye kopo, nikaunyoosha dirishani. Nikamwonyesha namba tano, amesimama kaburini kwa babu. Namba kumi na moja, amekaa amevaa viatu. Ishirini na mbili, mbuzi anatafuna kitenge naye anacheka, meno ya mbele yana mwanya kama yako. Alinitazama mimi, akatazama mkanda, hakucheka safari hii. Akasogea akaweka kidole kwenye ishirini na mbili.

Tulikwenda mpaka thelathini na sita, nikamwambia kwamba siku ile nilipiga thelathini na nane. Akaniuliza zile mbili za nyongeza ziko wapi, nikamwambia hizo hazina namba. Katika ya mwisho mama alikuwa ameinua mkono kuniambia inatosha.