Nyumba ya Ardis Iliyoandikwa Haina Mtu

Ardis Tveit alizaliwa katika nyumba ile ya mbao pale Vesterby, na kwa maisha aliyopewa, alistahili walau hiyo nyumba. Alitolewa shule akiwa na miaka kumi na tano amuuguze mama yake aliyepooza. Kaka zake waliendelea na masomo, na siku ya mazishi mchungaji aliwashukuru wao kwa maua. Ardis, aliyeosha na kulisha miaka yote ile, alishukuriwa kwa kahawa.

Baadaye akaolewa na Verlyn, muuza mbegu za mahindi, mwanamume wa maneno matamu. Januari moja Verlyn aliondoka na mwanamke mwingine, masanduku mawili mkononi, kisha akataka nyumba iuzwe wagawane. Wakafika mahakamani, Ardis akashinda, nyumba ikabaki yake. Tangu hapo aliishi peke yake, akifanya kazi ya upishi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mshahara wake ulimtosha kwa sababu moja tu: jimbo humpunguzia kodi ya nyumba mtu anayeishi mwenyewe ndani ya nyumba yake. Bila punguzo hilo asingeweza kulipa. Na asiyelipa, kaunti huiuza nyumba yake.

Basi Machi ile ikaja barua. Kusoma kwa Ardis ni kwa kuburuta, akamwachia jirani yake Orlin, dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji, aliyeingia jikoni bila kubisha kama kawaida yake.

"We Ardis," Orlin alisema, miwani puani, "tangu lini umekuwa mzimu?"

"Usinichezee, soma."

"Ni ile ofisi mpya ya kuzuia udanganyifu. Wanasema humu hamna mtu, kwa hiyo punguzo limesimamishwa. Eti wana picha. Gari lao limepita Februari, limekuta theluji imelala ngazini mpaka mlangoni, hata unyayo wa paka hamna."

"Ngazi zipi?"

"Za mbele."

"Za mbele!" Ardis aligonga kikombe mezani. "Nani mwenye akili zake anapita mlango wa mbele?"

Kweli, Vesterby hakuna. Watu huingia kwa mlango wa nyuma, wakavua viatu, wakajikuta jikoni kwenye kahawa. Mlango wa mbele ni wa majeneza na wa wale wanaouza dini mpya. Kuvunja mgongo kufagia theluji ya huko, wakati jua la Aprili litaiondoa bure, ni ujinga.

"Basi nusu ya mji tumeshakufa," Orlin akacheka.

"Na wewe umepata barua?"

"Mimi nilifagia. Binti yangu alileta mchumba wa mjini." Akakunja barua. "Halafu usije ukadhani watalirudisha punguzo kirahisi. Redioni wamesema hela walizookoa kwa wezi zimeshatiwa kwenye bajeti. Bunge zima limepiga makofi. Mwizi mwenyewe ndiye wewe, jirani."

Ardis hakucheka. Wenye nyumba za kando ya ziwa, wanaokuja wiki mbili za kiangazi na kudai punguzo la mkazi, hao hufagiliwa ngazi na vibarua mwaka mzima. Picha zao bila shaka zilipendeza.

Orlin aliipigia simu ofisi ile, na Alhamisi mkaguzi akafika. Ardis alisikia mlango wa mbele ukigongwa, akadhani ni wale wa dini, akaongeza sauti ya redio. Alipochungulia dirishani na kuona gari la serikali likiwashwa, alitoka mbio na soksi zake kwenye theluji.

"Huku! Huku nyuma! Wewe kijana, unakimbilia wapi?"

Jina lake lilikuwa Pruitt, amefunga tai, masikio mekundu kwa baridi. Aliona kitanda, sufuria jikoni, soksi zinazokauka.

"Naona unaishi hapa, mama. Lakini utaratibu unataka picha yako umesimama mlango mkuu, ukiwa wazi."

"Huo haufunguki."

"Kwa nini?"

"Kuna friza."

Friza lile la nyama alilisukuma pale mwenyewe, jioni ile ile aliyoondoka Verlyn. Siku akirudi, apite jikoni kama wengine na amtazame usoni. Hakurudi, na friza likabaki.

"Tulisogeze," alisema Pruitt.

"Lina nusu ng'ombe ndani, mwanangu."

Orlin aliitwa. Wakamtoa ng'ombe yule kipande kwa kipande, Pruitt akipita sebuleni na mapaja yaliyoganda, tai imetupwa begani.

"Serikali imenifanyia kazi leo," Ardis alisema. "Hizo mbavu ziweke taratibu."

"Sawa, mama."

"Na usiibe. Nasikia mnatafuta wezi."

Orlin alikwenda nje na koleo, akachimba ngazi huku akitukana barafu. Friza likiwa limeshasogezwa, akasukuma mlango kutoka nje, Ardis na Pruitt wakavuta, mpaka mlango ukaachia kwa mlio mkubwa na baridi ikawapiga wote usoni. Ardis akasimama kizingitini, mikono kifuani.

"Tabasamu, mama."

"Andika kwanza."

Pruitt akapiga picha hivyo hivyo, akaandika, akasema jibu litakuja kabla ya kiangazi.

"Hapana," Ardis alisema. "Nimeambiwa nisubiri tangu nikiwa mtoto. Wapigie sasa hivi, nisikie."

Kijana alimtazama Orlin, na Orlin akatazama theluji. Pruitt akatoa simu. Alieleza, akangoja, akataja namba ya nyumba, akaeleza tena. Mtu wa upande wa pili alibishana kidogo, labda kwa ajili ya ile bajeti.

"Ndiyo, nimemwona," Pruitt alisema. "Yumo. Anaishi humu. Rudisheni punguzo lake." Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. "Limerudishwa, mama."

"Sema tena ile ya mwanzo."

"Ipi?"

"Kwamba nimo."

"Yumo," Pruitt aliiambia simu, na Ardis akaenda kukata keki.