Mpaka Atue Mzigo

Muhula wa pili ulipofunguliwa mwezi wa saba, wazazi wa kidato cha nne waliitwa shuleni wakaambiwa kwamba watoto wao hawatarudi tena nyumbani jioni. Watalala kambini, hapohapo shuleni, mpaka mtihani wa taifa uishe mwezi wa kumi na moja. Madarasa mawili yatatolewa madawati, moja la wavulana na moja la wasichana. Kila mzazi alete mahindi, maharage na godoro la mwanawe. Kilichokosekana ni mpishi.

Eustadia alinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kusema.

Mumewe, Raymundi, alimkanyaga mguu chini ya dawati. Wakati wa kusia mbegu za tumbaku ulikuwa unakaribia, na nani angemwagilia vitalu? Lakini mkono ulikuwa umeshapanda na Eustadia hakuushusha. Mwaka uliopita wasichana wawili wa kijijini kwao, nje kidogo ya Itetemia, waliacha shule muhula huuhuu, matumbo mbele, na mama zao ndio waliokuwa wa mwisho kujua. Eustadia mwenyewe aliishia darasa la saba. Levina, binti yake, ndiye mtoto wa kwanza katika nyumba ile kufika kidato cha nne, na alitaka kuwa muuguzi. Mama yake hakutaka kuwa wa mwisho kujua chochote.

Basi akawa mama mpishi. Jiko lilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya ofisi ya walimu, na ukikaa kwenye kigoda chake unaona bweni la wasichana, njia ya kisimani, na lango. Eustadia alikisogeza kigoda hicho mara kadhaa wiki ya kwanza mpaka akapata pale ambapo hakuna kinachompita.

"Levina, mama yako ni mpishi au mgambo?" wenzake walimtania.

"Mgambo," Levina alijibu kwa uchungu. Siku za mwanzo alikuwa akichukua chakula chake kichwa chini kama asiyemjua anayepakua. Jioni moja alimjia mama yake jikoni akamwomba, kwa adabu, asimwite "Levi" mbele ya watu. Eustadia alikubali. Hakukubali kuacha kutazama.

Na alitazama mengi. Kabla ya alfajiri kipande cha rimu ya gari kilichoning'inizwa kwenye mti kiligongwa, na wasichana wakatoka na ndoo. Kufika mwezi wa tisa kisima kilikuwa kinatoa tope kuliko maji. Walirudi na vumbi mpaka kwenye kope, wakafagia, wakanywa uji, wakaingia darasani. Jioni walikaa makundi makundi chini ya taa za sola, mmoja akijifanya mwalimu na wengine wakisinzia. Ijumaa kulikuwa na mdahalo, wavulana wakipiga meza. Jumamosi walifua, wakanyoana nywele nje kwa wembe kama sheria ya shule ilivyotaka, isipokuwa rafiki yake Levina, Shifaa, binti wa mwenye duka mjini, ambaye alivua ushungi akiwa bwenini tu na kunyolewa akiwa huko ndani.

"Mama mpishi, leo kwenye maharage mmetuwekea nyama?" walimuuliza, wakimwonyesha mdudu kwenye kijiko.

"Hiyo ni nyongeza yako. Ukirudisha, nampa mwenzako."

Walicheka. Lakini kadiri joto lilivyozidi na siku zilivyosogea, kicheko kilipungua. Msichana mmoja alianza kuongea usingizini. Mwingine alitapika kila asubuhi ya jaribio, na Eustadia alimtazama tumbo kwa wasiwasi mpaka alipojua ni woga tu. Levina alikonda. Alikula ugali nusu, halafu usiku akatafuna matobolwa ya bibi yake.

Bibi huyo, Yustina, mama mzazi wa Raymundi, ndiye aliyemlea Levina tangu anatambaa. Viazi vyake vitamu alivichemsha, akavikata vipande virefu vyembamba, akavianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba mpaka vikakauka vikawa vigumu. Wengine walivikata mviringo, vinene. Yeye alisema vinene ni vya watu wenye haraka. Mwaka huo alikuwa na gunia zima, limefungwa juu ya dari, na hakuruhusu mtu aliguse. Lilikuwa la mke mwenza. Ndivyo alivyomwita Levina.

Kila Jumapili ya kutembelewa alikuja na mfuko wake. "Mke mwenza!" alipaza sauti tangu langoni. "Unaniachia mzee peke yangu, wewe uko huku unapika maandishi?"

"Shikamoo, bibi. Mzee si alishakufa?"

"Ndiyo maana nakwambia ni mzigo!"

Jumapili moja aliwakuta Levina na Shifaa wanasoma somo la Historia, habari za misafara ya Wanyamwezi kwenda pwani. Bibi Yustina alikaa kwenye kigoda cha Eustadia akawaambia kwamba babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka Bagamoyo. Siku aliporudi, watu wa kwao walitoka kumlaki mbali, wanaimba. Hakuna aliyemwambia kwamba mama yake alikuwa ameshazikwa. Kwao mpagazi hakuambiwa msiba akiwa bado na mzigo. Walimsindikiza mpaka uani, wakamtua mzigo, wakampa uji. Ndipo wakamwambia.

"Hakukasirika?" Levina aliuliza.

"Alikasirika sana," alisema bibi. "Lakini mzigo ulikuwa umefika."

Baada ya mahafali, katikati ya mwezi wa kumi, Bibi Yustina alianguka uani. Alipelekwa hospitali Kitete, nusu ya mwili haina nguvu. Eustadia alimwambia Levina kwamba bibi ana homa kidogo. Alimwomba Mwalimu Tufaha, matroni wa kambi, ruhusa ya kutoka kila mchana, akisema shambani vitalu vinakauka. Na kweli vilikauka.

Ulimi wa bibi ulikuwa mzito, lakini jambo moja alilitamka likaeleweka. "Mke mwenza," alisema. "Mleteni."

Raymundi alimtazama mkewe nje ya wodi. "Tumlete. Ni nusu saa tu kwa bodaboda."

"Akimwona hivi, atashika kalamu?" Eustadia alisema. "Mtihani ni Jumatatu. Asubiri amalize."

"Mama atasubiri?"

Eustadia alirudi ndani, akainama karibu na sikio la mkwewe. "Yuko njiani, mama," alisema. "Anakuja."

Siku ya pili aliulizwa tena, akajibu vilevile. Bibi aligeuza macho yake mlangoni akayaacha huko.

Bibi Yustina alifariki Alhamisi alfajiri. Alizikwa Ijumaa kando ya nyumba yake. Padri alitoka Kipalapala kuja kusoma misa, na watu walikuwa wengi kuliko chakula. Chungu baada ya chungu kilipakuliwa. Jumamosi mashangazi walipanda darini wakashusha gunia la matobolwa, wakayachemsha na karanga wakawapa waombolezaji. Eustadia aliliona gunia tupu limekunjwa kando ya mafiga, akaendelea kupakua. Msibani huwezi kuwanyang'anya watu chakula. Jumapili walianua matanga, na wanaukoo wakanyolewa, naye akanyolewa.

Huko shuleni, Jumamosi ileile, Levina alinyolewa na wenzake kama kawaida, akawa ameunyolea msiba wa bibi yake bila kujua.

Eustadia alirudi jikoni usiku wa Jumapili, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Mpishi kufunga kichwa si ajabu. Mwalimu Tufaha alimwita pembeni.

"Pole sana, dada. Habari imeshafika hapa. Wanakijiji wenu wana watoto kambini."

Eustadia akatazama upande wa bweni la wasichana. "Levina?"

"Hajui. Nilimwambia umebaki vitaluni. Niliwaita wengine wote akiwa kisimani. Nimewaambia atakayefungua mdomo atajibu kwangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kambi nzima ilijua, isipokuwa mmoja. Eustadia alitazama kutoka kwenye kigoda chake watoto wale wakiibeba siri kama maji kwenye sahani. Levina alipokaribia kundi, mazungumzo yalikatika. Wavulana waliokuwa wakimtania "binti mgambo" walimpisha kwenye foleni ya uji. Shifaa alilala godoro la kando yake, na asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba.

"Shifaa ana nini?" Levina aliuliza.

"Mtihani," mama yake alisema.

"Na bibi?"

"Hajambo. Anakusalimu. Kasema uandike kwa nguvu."

Kila jioni Levina aliuliza, na kila jioni Eustadia alimpa salamu mpya kutoka kwa marehemu. Alijifariji kwa mpagazi wa Bagamoyo. Bibi mwenyewe ndiye aliyesimulia. Bibi mwenyewe angefanya hivyo. Lakini alipolala kando ya majivu ya jiko aliona yale macho yamegeukia mlango, na hadithi ya mpagazi haikuwa na macho hayo ndani yake.

Katikati ya mtihani, jioni ya kuamkia karatasi ya Baiolojia, Levina alikuja na mfuko mtupu. "Matobolwa yangu yameisha, mama. Sipati usingizi bila kutafuna kitu. Utanichukulia nyumbani?"

Eustadia alikuwa ameshanunua mengine sokoni, akayaficha ndani ya ndoo. Alimpa. Levina aliingiza mkono, akatoa kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa moto. Kilikuwa kinene, cha mviringo.

"Haya si ya bibi."

"Ya bibi yamekwisha."

"Lile gunia?"

"Limekwisha, mwanangu."

"Lilikuwa limejaa, mama. Nililifunga mwenyewe." Levina alikuwa bado ameshika kile kipande. "Nani amelila?"

Moto ulitoa cheche. Eustadia alichukua mwiko akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Panya," alisema. "Panya waliingia darini."

Levina alimtazama mama yake usoni, halafu kwenye kile kitambaa kilichofika kwenye nyusi.

"Panya," alisema.

Alitia kipande mfukoni akaenda zake bwenini. Kuanzia jioni ile hakuuliza tena habari za bibi.

Mwanzoni Eustadia alishukuru. Siku ya pili shukrani ile ikageuka ikawa hofu. Alimtazama binti yake akiingia kwenye chumba cha mtihani na kutoka, akiingia na kutoka, mgongo umenyooka, akila anachopakuliwa chote mpaka sahani ikawa safi, kama mtu anayemaliza kazi aliyotumwa. Hakulia. Hakuongea na Shifaa wala na mtu. Usiku hakutafuna kitu. Mama yake alitamani amwite kando, na kila mara alijiambia: bado karatasi mbili. Bado moja.

Karatasi ya mwisho ilikusanywa mchana, na mvua ya kwanza ya nguvu ikashuka wakati huohuo. Watoto walitoka nje wakipiga kelele, wakamwagiana maji, wakaandikiana majina migongoni kwa kalamu za wino. Shifaa alimkumbatia Levina akalia waziwazi, kwa sababu sasa aliruhusiwa. Levina alimpigapiga mgongo, akaingia ndani, akatoka na sanduku lake la bati kichwani.

"Twende, mama."

Eustadia alibeba godoro. Walifuata njia ya matope, Levina mbele. Mvua ilikuwa imepungua ikabaki manyunyu. Mashamba pande zote mbili yalikuwa meupe kwa vumbi wiki iliyopita. Sasa yalikuwa meusi. Eustadia alipanga maneno njia nzima. Atamwambia wakifika. Atamwambia akishakunywa uji.

Raymundi aliposikia hatua zao alitoka kuwalaki uani, lakini hakuimba wala kupiga kelele. Levina alimwamkia baba yake. Kisha akapiga magoti, akashusha sanduku taratibu mpaka likakaa chini, akafuta maji usoni.

"Nimetua, mama," alisema. "Sasa niambie."

Maneno yote yaliyopangwa njiani yalikuwa yamekwisha. "Alianguka baada ya mahafali," Eustadia alisema. "Tulimzika Ijumaa, kabla hamjaanza."

"Najua kafa. Waliokula lile gunia hawakuwa panya." Sauti ya Levina ilikuwa ya chini. "Aliniita?"

Raymundi alitazama pembeni. Eustadia aliona kwamba hapa angeweza kusema hapana. Angeweza kusema alikufa usingizini. Binti angeamini, au angejifanya anaamini, na maisha yangeendelea.

"Alikuita," alisema. "Siku mbili."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia uko njiani."

Levina alitikisa kichwa kidogo kukubali, kama mtu aliyesomewa alama zake zikawa zilezile alizozitarajia. Alitoa mfukoni kile kipande kinene cha sokoni, akakiweka juu ya sanduku, akaanza kwenda kando ya nyumba kulikokuwa na udongo mpya. Eustadia alipiga hatua kumfuata.

"Wewe baki, mama."

Alibaki. Alimtazama binti yake akifika pale, akachuchumaa, akaweka kiganja chake kwenye udongo uliolowa, na mgongo ule ulionyooka wiki zote zile ukaanza kutikisika. Kutoka alipokuwa amesimama Eustadia aliona kila kitu, na hakusikia chochote.

"Tua hilo godoro," Raymundi alimwambia. "Linalowa."

Hakumsikia. Alisimama nalo kichwani, maji yakichuruzika mashavuni mwake, mpaka mumewe akaja akamtua.