Kapu la Kwanza la Apolo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, radio ya jirani yetu ilipotangaza kwamba watu wanatembea juu ya mwezi. Mimi nilikuwa binti wa kuchota maji. Tulikuwa tumerudi Uvira si muda mrefu kutoka Burundi, ambako vita vya kwanza vilitukimbizia, na milimani bunduki zilikuwa bado zinalia. Nyumba yetu ilikuwa imeezekwa nusu, na tulishukuru tu kwamba kilikuwa kiangazi.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikusikia. Ulikaa pale mlangoni na simu yako, ukasikia kwamba watu wanajiandaa tena kwenda mwezini, ukasonya. Ukasema wana wazimu, wanatupa mali angani na sisi hapa tunalala tukisikiliza risasi. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa natafuna, na kwa meno niliyobaki nayo hiyo ni kazi inayotaka utulivu. Leo nimemaliza.

Kwa watu wa ziwa hili mwezi si pambo. Ndagala, hao dagaa wetu, huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpana taa haina kazi, na wavuvi hukaa ufukweni wakishona nyavu mpaka upungue. Kwa hiyo habari ile ilipofika, ufukwe mzima uliingia kwenye ubishi. Wengine walidai wale watu watawasha taa zao kule juu, mwezi uzidi kung'aa, na sisi tufe njaa. Baba mdogo Sadiki, mdogo wake baba yangu, mtu ambaye mzaha haukuwahi kumpita, akasema tuwaombe wauzime kabisa, tuwe tunavua kila usiku bila likizo. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akadondosha sindano yake ya nyavu majini.

Mama yangu hakucheka. Alikuwa mzaliwa wa Mutarule, mtoto wa wakulima wa bonde la Ruzizi. Ziwa alilikuta kwenye ndoa na hakulizoea. Na siku zile alikuwa na hofu yake. Baba alitaka kuifunga pamoja kwa magogo mitumbwi yetu miwili, mali pekee iliyosalimika vitani, ili ashushe wavu mkubwa katikati yake, kama alivyoona wenzetu wakifanya tulipokuwa wakimbizi. Vyombo vya namna hiyo huenda mbali, kwenye maji ambayo mwisho wake chini hakuna anayeujua. Karibu na ufukwe hapakuvulika tena. Askari wakiona taa walidhani ni waasi wanavuka, wakafyatua. Ilibaki ama kwenda mbali ama kula sombe kavu, majani ya muhogo bila samaki, kila siku, na kitinda mimba wetu alikuwa ameanza kuvimba miguu kwa chakula hicho. Mama aliyajua hayo yote, lakini alijua pia upepo wa ziwa unavyofanya. Alikataa katakata.

Basi asubuhi ile alikwenda kwa jirani mwenye radio, akasimama mlangoni na jembe begani.

"Minye siko na shida na mwezi," akasema. "Nataka kujua tu: bale bantu balirudia?"

Jirani akamjibu kwamba bado, wako njiani. Mama alirudi kesho yake, na keshokutwa tena. Hakuuliza wamekwenda na chombo gani wala wameokota nini. Aliuliza kama wana wake na watoto, akaambiwa wanao, akaguna. Nadhani tangu hapo wale wanawake wa mbali walikuwa majirani zake. Alipokuwa akitwanga nilimsikia akijiuliza kwa sauti, huyo mke wa mkubwa wa safari, usiku analala vipi? Nilimpenda sana mama yangu wakati ule, ingawa sikujua kwa nini.

Kisha jirani akaja mwenyewe, mbio, kandambili moja mkononi. Wale watu wamerudi. Wameanguka baharini, wote wazima.

Mama akauacha mtwangio. "Mu maji? Balirudia mu maji?"

"Mu maji, mama. Na mashua ilikuwa inabangoja."

Jioni, akiwa anasonga bugali, alimwambia baba bila kumtazama: "Funga mitumbwi yako. Lakini weye na Sadiki musiende bila mashua ya kubangoja."

Ndivyo ilivyofanyika. Majirani walikubaliana kwamba chombo chetu kikitoka, mtumbwi mwingine mdogo ukifuate kwa nyuma na ukae kukingoja. Mwezi ulipopungua wakatoka. Alfajiri mama alisimama ufukweni na kanga yake kichwani, na alipoona taa zinarudi alikaa mchangani. Ndagala walikuwa wengi hata tukagawa mtaa mzima, na baada ya muda miguu ya mdogo wangu ikarudi kuwa miguu ya mtoto. Sadiki ndiye aliyekiita chombo kile apolo, kama walivyokiita radioni kile cha mwezini. Mpaka leo, huku kwetu na ng'ambo ya Burundi, mitumbwi iliyofungwa pamoja yenye wavu mkubwa huitwa apolo. Kila kijiji hujidai ndicho kilichoanza. Mimi nasema ni Sadiki, na wa kunibishia wote wameshakufa.

Lakini sitakudanganya, mwanangu. Msimu wa mvua uliofuata upepo ulishuka kutoka milimani ghafla, ukawamwaga majini. Mashua ile ya kungoja ilimwokota baba na wenzake. Sadiki hakuonekana. Alikuwa na mke, Mama Riziki, na watoto wadogo. Ufukwe wote ukasema kamba za apolo zikatwe, kila mtumbwi ujiendee kivyake, tuachane na mambo makubwa yasiyotuhusu. Baba akashika shoka, analia.

Aliyemshika mkono ni mama, yule yule aliyekataa mwanzo.

"Ukikata, Sadiki alikufia nini?" akamwambia. "Usikate. Lakini kapu ya kwanza iko ya bibi yake."

Baba hakukata. Tangu siku ile, apolo yetu ikirudi, kabla mtu hajauza wala hajaanika, kapu la kwanza lilikwenda kwa Mama Riziki. Baba alilibeba mwenyewe kichwani, akalitua mlangoni kwake, akarudi. Alifanya hivyo mpaka watoto wa Sadiki walipoanza kuvua wenyewe.

Sasa nisikilize, usichezee simu. Mimi nawapenda watu wale wa mwezini, nasema wazi. Wenzao wengine waliungua kabla hawajaondoka ardhini, wengine wakapasuka angani huku watu wakiwatazama, na bado wengine wakapanda tena. Hilo si jambo la kusonyea. Na vyombo vilivyopandishwa huko juu leo vinamwambia mvuvi, kwenye simu kama hiyo yako, kwamba upepo unakuja. Sadiki angekuwa nayo, pengine angekuwa amekaa hapa anatuchekesha. Ukiona mtu anathubutu kwenda mbali, mheshimu, hata kama wewe una njaa.

Ila uulize alivyouliza mama: nani anawangoja, na kapu la kwanza linakwenda wapi? Wanasema mitambo siku hizi inatengenezwa kwa madini kama haya ya milima yetu, na wewe unajua watu wangapi tumewazika kwa ajili ya milima hii. Siwaambii wasiende. Waende, na nitawashangilia nikiwa bado na pumzi. Lakini kapu letu sisi hatujaliona, na wewe ambaye umesoma ndiye wa kwenda kulidai.

Mungu akupe safari ndefu, mwanangu. Akuwekee mashua ya kukungoja. Na siku ukirudi na kapu limejaa, akukumbushe mlango wa kuanzia.