Taa za Krismasi Zimemliza Mama

Jamani, leo taa za Krismasi zimemliza mama yangu.

Nilizitundika mlangoni hapa Katoro, nikaziwasha jioni ili azione akifika kutoka Nyarugusu.

Kufika getini tu, akajifunga khanga kiunoni, akaangua kilio.
"Nani katutoka?"

Mimi nikacheka! "Mayu, ni Krismasi."

"Miaka ya themanini kule machimboni, nani aliwasha taa nje bila msiba?"

Kicheko kikanikauka.
Kwetu karabai ilitundikwa nje mara moja tu: duara, shimo la dhahabu, lilipomfukia baba, kabla sijazaliwa.

Nikakimbilia swichi.

"Ziache," akasema. "Siku ile walininyamazisha kwa sababu nilikuwa na mimba yako. Leo niache nilie."

Taa zinawaka, mama analia.
Nyie mngemwambia nini?