Oke niliyoitoa nikiwa kazini

Mpwa wangu alikuwa ameshaniomba. Alinipigia kutoka Milola wiki mbili kabla, akasema, "Mjomba, wakija na posa, kataa. Nataka kwanza nijifunze cherehani." Nikamwambia nimesikia.

Kwetu mtoto wa dada haolewi mpaka mjomba aseme. Baba yake anaweza kukaa pale pale mkekani, lakini neno linasubiriwa kwangu, hata kama ni mimi huyu niliyeacha shule darasa la tano na sijawahi kumaliza mwaka mji mmoja.

Walipokuja nilikuwa Kilwa Masoko, kibarua wa matofali. Zege lilikuwa limeshachanganywa na fundi ananipigia kelele. Dada akapiga.

"Kaka, wageni wapo. Wewe tu unangojwa."

Nilijua wanangoja nini. Nilijua pia kwamba nikikataa nitaulizwa kwa nini, na maelezo yatakuwa marefu.

"Oke," nikasema.

"Sema vizuri, simu iko wazi, wanakusikia."

"Oke, wapokeeni."

Nikasikia watu wakisema alhamdulillahi. Nikarudi kwenye koleo.

Jioni ile nikaanza kulichunguza lile neno. Ndiyo tabia yangu, jambo likinikera nalizungukia kwa mbali. Nikasoma kwenye simu kwamba lilizaliwa Marekani, kwenye magazeti ya zamani. Waandishi walikuwa wakitaniana kwa kufupisha maneno huku wakiyakosea makusudi, na hizo herufi mbili, O na K, zilisimama badala ya "yote sahihi" kwa Kiingereza. Wapo wanaodai lilitoka Afrika Magharibi na watumwa. Nilisoma mpaka chaji ikaisha. Sikumpigia mpwa wangu.

Siku ya tatu nikapanda basi la Lindi, kisha bodaboda hadi Milola. Dada alikuwa anapepeta mchele.

"Umewahi pilau, kaka! Bado wiki mbili."

"Nimekuja kuiondoa ile kauli."

Ungo ukasimama. "Mjomba gani anaondoa kauli? Unataka nikaiweke wapi sura yangu?"

Mpwa wangu alikuwa nyuma ya nyumba, anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Hakuinua macho. Nikaanza kumweleza habari za yale magazeti na utani wao. Aliniacha nikamaliza.

"Siku tatu hizo ulikuwa unatafuta hayo?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa natafuta salio nikupigie."

Akaokota korosho nyingine, akaigonga.

Nikamuuliza nyumba ya wale watu iko wapi. Akanionyesha kwa kidole cheusi, ng'ambo ya barabara, yenye bati jipya. Dada aliniita nirudi, mara mbili, kwa jina la utotoni. Sikugeuka. Nilipofika nikapiga hodi, nikasema ni mjomba wa binti.

"Karibu, mkwe wetu!" ikaitika sauti ya mzee, imejaa furaha, na nikasikia mkeka ukitandikwa.